Haiku na Mizani ya Kiswahili: Historia ya Mchezo wa Silabi Kumi na Saba, kwa Mifano ya Njiro, Arusha

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia safari ya haiku kutoka Japani hadi Afrika Mashariki na kuuliza nafasi yake katika historia ya ushairi wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba haiku, ingawa ni bahari ya kigeni na isiyo na vina, inashika mizani kwa ukali unaolingana na ule wa wanamapokeo. Kwa hiyo, inaudhoofisha mgawanyo wa muda mrefu kati ya ushairi wa kimapokeo na ushairi wa kisasa.

1.0 Utangulizi

Tangu Euphrase Kezilahabi achapishe Kichomi mwaka 1974, mjadala kuhusu ushairi wa Kiswahili umeelekea kuwagawa watunzi katika kambi mbili: wanaoshika vina na mizani, na wanaoviacha vyote viwili. Mambo matatu yamechanganywa katika mgawanyo huo: hesabu ya silabi, urari wa vina na asili ya umbo. Atungaye bila vina amedhaniwa pia kuwa ameacha mizani, na aliyeacha mizani amedhaniwa kuiga Wazungu. Haiku inatulazimu kuyatenganisha mambo hayo. Haina vina, si ya Wazungu, na haitungiki kwa desturi yake bila kuhesabu.

2.0 Chimbuko katika mchezo

Neno haikai, ambalo haiku imetokana nalo, lilibeba maana ya mzaha. Washairi wa Japani walikutana kutunga tungo za mnyororo: mmoja alitoa beti ya kufungua, iliyoitwa hokku, mwingine akaiunga, na kadhalika. Matsuo Bashō (1644–1694) aliipa hokku uzito wa tafakuri, lakini hakuiondoa katika baraza la watunzi. Ni Masaoka Shiki (1867–1902) aliyeisimamisha peke yake na kuieneza kwa jina la haiku. Kwa msomaji wa Kiswahili baraza hilo si geni. Malumbano ya Mombasa ya enzi za Muyaka bin Haji, na baadaye kurasa za mashairi za gazeti la Mambo Leo, nayo yalikuwa majibizano ambamo beti ya mmoja ilidai jibu la mwingine.

Haiku ilipotoka Japani ilisafiri na tabia hiyo ya mchezo. Mwaka 1905 Paul-Louis Couchoud na rafiki zake wawili walitunga haiku za Kifaransa walipokuwa wakisafiri kwa mashua, wakazichapisha kwa nakala chache tu. Mwaka 1919 José Juan Tablada wa Meksiko alitoa diwani yake ya Kihispania, Un día. Mwaka 1959 Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefariki karibu na Ndola miaka miwili baadaye, alitunga za Kiswidi za silabi 17 katika shajara yake. Hakuna kati yao aliyefanya ushairi kuwa kazi yake pekee: Couchoud alisomea falsafa na udaktari, Tablada alikuwa mwandishi wa habari, na Hammarskjöld mwanadiplomasia.

3.0 Afrika Mashariki na maumbo ya kigeni

Ushairi wa Kiswahili haukuwahi kufunga mlango wake. Shaaban Robert alizileta rubai za Kiajemi kwa Omar Khayyam kwa Kiswahili (1952), akipitia tafsiri ya Kiingereza ya Edward FitzGerald. Miaka miwili baadaye Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye uwanja mmoja wa michezo jijini Arusha una jina lake, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kitabu hicho kilikuwa msingi wa hoja za wanamapokeo. Mathias Mnyampala naye aliipa ngonjera umbo lililoenea mashuleni baada ya Azimio la Arusha. Hata waliolinda kanuni, basi, waliishi katika zama za kubuni na kupokea.

Haiku yenyewe ilipata watunzi wa wazi jijini Nairobi katikati ya miaka ya 2000, vijana walipounda vilabu na orodha ya maneno ya majira ikaanza kukusanywa kwa jina la Kenya Saijiki. Hata hivyo, lugha yao kuu ilikuwa Kiingereza. Hapo pana jambo la kustaajabisha: kati ya lugha mbili walizokuwa nazo, walichagua ile isiyoafikiana vyema na hesabu ya Kijapani.

4.0 Mizani: ushahidi wa lugha

Kijapani hakihesabu silabi kama Kiingereza. Kila kipande cha sauti kina thamani yake: Nippon huhesabiwa ni-p-po-n, vipande vinne, irabu ndefu huhesabiwa mara mbili. Kiswahili hufanya karibu hivyohivyo. Neno mtu ni mizani mbili (m-tu), nchi ni mbili (n-chi), na kaa ni mbili (ka-a). Nazali inayosimama peke yake ina uzito kamili katika lugha zote mbili. Tena, mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16. Haiku ina 17. Haiku nzima, kwa hiyo, ni mshororo mmoja uliozidishwa mizani moja na kukatwa mara mbili badala ya mara moja.

Tofauti inajitokeza katika urefu wa maneno. Kitenzi kimoja cha Kiswahili chaweza kujaza kipande cha kati, kama katika mfano huu uliotungwa kwa ajili ya makala haya:

Masika: Meru
haujaonekana
siku ya tatu.

Neno haujaonekana lina mizani saba (ha-u-ja-o-ne-ka-na). Uambishaji, ambao ungedhaniwa kuwa kikwazo kwa utungo mfupi, unabeba kiima, ukanushi, wakati na kauli kwa pamoja. Kuhusu neno la mkato linalotumika katika Kijapani, Kiswahili kina viingizi kama kumbe na loo, vyenye mizani mbili kila kimoja na uwezo wa kuashiria ugunduzi wa ghafla.

5.0 Majira ya Njiro

Haiku ya jadi hudai neno la majira. Misimu minne ya Japani haihamishiki hadi chini ya Mlima Meru, wala haihitajiki. Njiro ina masika na vuli, kiangazi na kipupwe. Ina mijakaranda inayochanua zambarau kabla ya vuli, na maonesho ya Nane Nane katika baridi ya Agosti. Mfano wa pili unategemea kipupwe:

Njiro, kipupwe:
mahindi ya kuchoma;
mikono mingi.

Utungo hautaji baridi wala jiko. Msomaji anayejua kipupwe cha Arusha atajua kwa nini mikono ni mingi. Ufupisho huu ni jirani wa kitendawili, ambacho nacho humwachia msikilizaji nusu ya kazi.

6.0 Hitimisho

Pingamizi la msingi linabaki: shairi la Kiswahili limezoea kughaniwa, na utungo wa mizani 17 hauna nafasi ya mahadhi marefu wala kibwagizo. Pingamizi hilo ni la haki, lakini linahusu utendaji, si kanuni. Kwa kanuni ya mizani, haiku ya Kiswahili ina nidhamu ambayo mwanamapokeo hawezi kuikana. Kwa kukosa vina, inasimama karibu na Kezilahabi. Mhakiki anayeikataa hana budi kusema ni kipi hasa anachokitetea: mizani, vina au nasaba. Kwa muda mrefu swali hilo limeweza kukwepwa kwa sababu majibu yote matatu yalionekana kuwa jibu moja.