Fomu 1098-T ya ada ya chuo Marekani: ya mwanafunzi au ya mzazi?

Familia nyingi zilizohamishiwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, zina watoto walio vyuoni. Ukifika mwisho wa Januari, chuo humpa mwanafunzi fomu inayoitwa 1098-T. Fomu hiyo ina jina la mwanafunzi, kwa hiyo wengi hudhani ni lazima aitumie yeye mwenyewe. Hapo ndipo familia hupoteza fedha.

Kama una ndugu au mtoto huko, haya ndiyo ya kumweleza.

Fomu hii inasema nini?

Si bili. Ni taarifa ambayo chuo huipeleka pia kwa mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ambayo kwa kazi yake ni kama TRA yetu. Kisanduku namba 1 kinaonyesha ada iliyolipwa mwaka uliopita. Kisanduku namba 5 kinaonyesha ufadhili, yaani fedha za masomo ambazo mwanafunzi harudishi. Mkopo haumo humo. Ada iliyolipwa kwa mkopo huhesabiwa kama imelipwa na familia.

Nani ni tegemezi?

Kwa sheria ya Marekani, mwanafunzi ni tegemezi wa mzazi ikiwa hajafikisha miaka 24 mwisho wa mwaka, amesoma kwa muda wote angalau miezi 5 ya mwaka huo, ameishi na mzazi zaidi ya nusu ya mwaka, na hakujigharamia mwenyewe zaidi ya nusu ya mahitaji yake. Miezi anayokaa bwenini huhesabiwa kama yuko nyumbani.

Nafuu ni ya nani?

Mzazi akimwandika mtoto kuwa tegemezi, nafuu ya kodi ya masomo ni ya mzazi peke yake. Haijalishi nani alilipa ada. Hata kama kijana alilipa kwa mshahara wa kibarua, au mjomba alituma fedha chuoni, IRS huhesabu kwamba mzazi ndiye aliyelipa. Mzazi hujaza Fomu 8863 akitumia taarifa za 1098-T ya mtoto.

Nafuu kubwa huitwa American Opportunity. Hutolewa kwa miaka 4 ya kwanza ya chuo, kwa mwanafunzi anayesoma angalau nusu ya masomo ya kawaida. Dola 2,000 za kwanza za gharama huhesabiwa zote, na dola 2,000 zinazofuata huhesabiwa robo.

Chukua mfano. Kisanduku 1 kina dola 6,000 na kisanduku 5 kina dola 2,000. Zinabaki dola 4,000. Nafuu ni 2,000 jumlisha 500, yaani dola 2,500. Hata mzazi ambaye hadaiwi kodi anaweza kupewa hadi dola 1,000 mkononi. Vitabu vya masomo huongezwa kwenye hesabu, hivyo tunzeni risiti. Chakula, malazi na nauli havimo.

Mzazi asiye na mwenza hupata nafuu kamili kipato chake kisipozidi dola 80,000 kwa mwaka. Kwa wanandoa wanaojaza pamoja, kikomo ni dola 160,000.

Kijana naye anafanya kazi, ajaze?

Anaweza kujaza fomu yake, kwa mfano ili arudishiwe kodi iliyokatwa kwenye mshahara. Lakini aweke alama mahali panaposema kuna mtu anayeweza kumwandika kuwa tegemezi. Akiacha kuweka, fomu ya mzazi inaweza kukataliwa inapotumwa kwa mtandao. Ikishatokea, kijana hurekebisha kwa Fomu 1040-X.

Jambo jingine: ufadhili ukizidi ada na vitabu, fedha iliyobaki na kutumika kwa chakula au malazi ni kipato cha mwanafunzi. Huandikwa kwenye fomu yake, si ya mzazi.

Na mtoto aliyebaki huku?

Mtoto anayeishi Tanzania ambaye si raia wa Marekani wala mkazi wake kisheria haandikwi kuwa tegemezi, hata kama mzazi anamtumia ada kila muhula. Anayewaambia ndugu zako kwamba inawezekana, kisha akadai malipo, anawaingiza matatani na IRS.

La kufanya

Mzazi na mtoto wakae wazungumze kabla mmoja wao hajatuma chochote. Siku ya mwisho kwa kawaida ni Aprili 15. Familia za kipato cha chini husaidiwa bure na wajazaji wa mpango wa VITA, unaosimamiwa na IRS. Na picha ya fomu isitupwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwa kuwa ina taarifa binafsi za mwanafunzi.