Ufunguo wa Bibi: Fleti za Wazee za Marekani Zilitoka Wapi

Mliosikiliza kipindi kilichopita mnakumbuka nilivyosema, tena harakaharaka, kwamba bibi yangu amehamia nyumba ya wazee. Basi nilikoma. Shangazi alipiga simu kutoka Tanga siku hiyohiyo. "Mmemtupa mama yetu? Watoto wote hao hapo Minnesota, hakuna hata mmoja mwenye chumba?" Alilia kabisa. Ilinichukua nusu saa kumweleza kwamba bibi ana fleti yake, jiko lake, mlango wake na ufunguo wake. Hakuna nesi wa kumlisha, wala hakuna mtu wa kumwambia saa za kulala. Shangazi akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Sasa kama ni pake, mbona unapaita nyumba ya wazee?"

Kosa lilikuwa langu. Kiswahili changu ni cha jikoni na sebuleni, na kwa mambo haya nilikuwa na jina moja tu. Kwa shangazi jina hilo lina picha yake: makazi ya wazee wasiojiweza, pahali pa mtu aliyekosa watu. Mimi nilimaanisha fleti ya kupanga, ambayo serikali inalipia sehemu ya kodi. Nikaanza kusoma nipate namna ya kumweleza vizuri, na nikakuta kitu sikukitegemea. Wamarekani nao walikuwa na pahali pao pa kuogopwa hivyohivyo, na fleti kama ya bibi zilitokana na hofu hiyo.

Kwa zaidi ya karne moja, mzee wa Marekani aliyeishiwa nguvu na hela alikuwa anaishia nyumba ya maskini. Kaunti nyingi zilikuwa nazo, nyingine zikiwa shambani nje ya mji. Humo walichanganywa wote: wazee, wagonjwa, vipofu, wenye matatizo ya akili, yatima. Mara nyingi mume na mke walitenganishwa, yeye upande wa wanaume na mkewe upande wa wanawake, hata kama wameishi pamoja miaka arobaini. Wengi waliofia humo walizikwa makaburi yasiyo na majina. Ukali ule ulikuwa wa makusudi, kwa hoja kwamba pakiwa pazuri watu watakuja kwa uvivu. Soma barua na hadithi za zama hizo uone jinsi watu wazima walivyoogopa kufika huko, kama shangazi alivyoogopa kwa ajili ya mama yake.

Mabadiliko makubwa yalipitia mlango wa pembeni. Tarehe 14 Agosti 1935, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi Sheria ya Hifadhi ya Jamii. Huku wengi wetu tunaijua kwa sababu ya ile namba ya tarakimu tisa, lakini sehemu yake ya kwanza kabisa ilihusu msaada wa fedha taslimu kwa wazee maskini. Na ilikuwa na sharti: serikali kuu haitachangia fedha kwa mzee anayeishi ndani ya taasisi ya umma. Yaani ukiwa nyumba ya maskini, hupati. Lengo lilikuwa wazi, mzee apewe pesa mkononi akae anapotaka mwenyewe, na zile nyumba zife. Nyingi zilikufa kweli, na nyingine zikageuka kuwa za kuuguzia wazee.

Ila tatizo mnaliona. Unampa mzee dola kadhaa kwa mwezi unamwambia akapange. Apange wapi? Wengi waliishia vyumba vya juu kabisa kwenye nyumba za zamani, ngazi nyingi, choo cha kushirikiana mwisho wa korido, jiko la umeme la kuweka mezani.

Mwaka 1937 ilipitishwa sheria ya kujenga nyumba za umma za kodi nafuu. Mimi nilidhani hapo mambo yalikwisha. Wapi! Sheria ile ilisema nyumba ni za familia zenye kipato kidogo, na mtu mmoja hakuhesabiwa kuwa familia. Mjane aliyebaki peke yake alikuwa maskini vya kutosha lakini hakuwa watu wa kutosha. Hilo lilikaa mpaka 1956, ndipo Congress ikaruhusu wazee wanaoishi peke yao waingie nyumba za umma. Nilipomsomea bibi akacheka sana. "Kwani mtu akifiwa na mumewe anakuwa nani, mgeni?"

Baada ya hapo kasi ikaongezeka, na hapa kuna mama mmoja ambaye nadhani anastahili kipindi chake mwenyewe. Anaitwa Marie McGuire. Alikuwa mkurugenzi wa mamlaka ya nyumba ya San Antonio, Texas, na mwaka 1960 alifungua Victoria Plaza, jengo refu la umma lililobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya wazee. Chini kulikuwa na kituo cha wazee kukutana. Mwanasaikolojia Frances Carp aliwafuatilia wazee walioomba kuingia, wale waliopata na wale waliokosa, na mwaka 1966 akatoa kitabu. Waliohamia walikuwa na furaha zaidi, shughuli zaidi na marafiki zaidi kuliko waliobaki walikokuwa. Rais Kennedy alikuwa ameshamwita McGuire Washington mwaka 1961, asimamie nyumba za umma za nchi nzima.

Mzizi wa jengo la bibi wenyewe ni wa 1959. Mwaka ule Rais Eisenhower alikataa miswada miwili ya nyumba mfululizo, akisema gharama zimezidi, kisha Septemba akakubali wa tatu. Ndani yake kulikuwa na Kifungu cha 202, na kianzio cha dola milioni 50. Serikali haikuwa inajenga. Ilikopesha mashirika yasiyo ya faida, mengi yakiwa ya makanisa au vyama vya wafanyakazi, kwa riba ndogo na muda wa mpaka miaka 50, wao wajenge na kupangisha wazee. Ndiyo maana mpaka leo majengo mengi ya aina hii yana majina ya watakatifu. Bibi, ambaye hajawahi kukosa swala ya alfajiri, anuani yake inaanza na jina la mtakatifu. Anasema haimsumbui, naye alikuwa mtu mwema.

Mikopo ile ya mwanzo, lakini, haikuwa ya maskini kabisa. Ilikusudiwa wazee wa katikati, waliozidi kipimo cha nyumba za umma ila wasioweza kodi za mtaani. Mtu kama bibi asingeingia.

Na kuna swali linaloniuma kidogo: kwa nini wazee? Miaka ileile ya 60, miji mingi ilikuwa inagoma kujenga nyumba za umma kwa familia, hasa pale ambapo familia zingekuwa za Weusi na mtaa ni wa Weupe. Jengo la wazee halikuleta kelele kama hizo. Wazee hawajazi madarasa ya shule, na watu walisema hawa wamefanya kazi maisha yao yote, wanastahili. Kwa hiyo mji uliweza kuchukua fedha za serikali, ukajenga ghorofa la wazee, ukasema umetimiza wajibu, na mama mwenye watoto wanne akaendelea kusubiri. Sisemi wazee hawakustahili. Nasema tu kwamba tulipata fleti hizi kwa sehemu kwa sababu kuna watu wengine walinyimwa, na historia ya hapa ukiifuata vizuri utakutana na hilo kila kona.

Sasa kodi, maana ndicho shangazi alichouliza baadaye. Bibi anaishi kwa SSI, ile fedha ya wazee na walemavu wenye kipato kidogo. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha serikali kuu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Bibi analipa kodi kama dola 280. Siyo huruma ya mwenye jengo, ni hesabu: asilimia 30 ya kipato baada ya makato fulani, na kinachobaki kufikia gharama halisi serikali inamlipa mwenye jengo.

Hesabu hiyo ina jina la mtu. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma za St. Louis waligoma kulipa kodi kwa miezi, wakiongozwa zaidi na kina mama Weusi, kwa sababu kodi ilikuwa inapanda huku kipato kimesimama. Mwaka huohuo Seneta Edward Brooke wa Massachusetts, Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenye Seneti kwa kura za wananchi, alipitisha marekebisho kwamba kodi isizidi robo ya kipato cha mpangaji. Mwaka 1981, zama za Reagan, robo ikapandishwa ikawa asilimia 30, na hapo ndipo imekaa. Zile tano zilizoongezwa ni kama dola 47 za bibi kila mwezi. Kwake hiyo ni nyama na nauli.

Mwaka 1974 sheria mpya iliunganisha majengo ya 202 na ruzuku ya kodi ya Section 8, na maskini wakaanza kuingia kweli. Mwaka 1990 mkopo ukafutwa kabisa: shirika linapewa fedha za kujenga na halirudishi, mradi kwa miaka 40 lipangishe watu wa miaka 62 au zaidi wenye kipato cha chini sana. Ukitafuta jengo la mzee wako, mpango unaoutafuta ni huo. Kisha kuanzia 2012, kwa miaka kadhaa, Congress haikutoa fedha za majengo mapya. Zilianza kurudi kidogokidogo mwishoni mwa muongo ule. Leo mpango huu una takriban fleti 400,000, kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 55 waliovuka miaka 65. Kati ya wazee wapangaji wenye haki ya kusaidiwa, anayepata ni kama mmoja kwa kila watatu.

Hizo namba mimi nazijua kwa jina lingine, foleni. Tulimwandikisha bibi kwenye majengo matano. Mwaka wa tatu, ofisi ya jengo moja ilituma barua kuuliza kama bado anataka. Ilikuwa kwa Kiingereza, bahasha nyeupe ya kawaida, ikaingia kwenye rundo la matangazo ya pizza. Siku kumi na nne zikapita, jina likafutwa, tukarudi mwisho wa foleni. Baba hakuongea nami siku mbili, kwa sababu kazi ya kusoma barua za bibi ilikuwa yangu tangu nina miaka kumi na moja. Wengi wenu mna kazi hiyohiyo. Zifungueni zote, hata zinazofanana na takataka. Na ukihama, peleka anuani mpya kwenye kila ofisi, kwa maandishi.

Jambo jingine, kwa wenye wazee waliokuja kama wakimbizi: SSI yao ina kikomo cha miaka 7 kama hawajapata uraia. Fomu za uraia zianzwe mapema.

Na majengo yenyewe yamezeeka pamoja na watu wake. Hapa Minneapolis hatujasahau alfajiri ya tarehe 27 Novemba 2019. Moto ulizuka ghorofa ya 14 ya Cedar High Apartments, jengo la ghorofa 25 lililojengwa 1969, la mamlaka ya nyumba ya jiji. Watu 5 walikufa. Ni mtaa wa Cedar-Riverside, wenye wazee wengi wa Kisomali. Sakafu za makazi hazikuwa na yale mabomba ya darini yanayomwaga maji moto ukizuka. Sheria ya nchi ya 1992 ilikuwa imeyalazimisha kwenye maghorofa mapya yanayopewa fedha za serikali, ya zamani yakaachwa. Siku tuliyokwenda kuangalia fleti ya bibi, meneja alianza kutuonyesha chumba cha kufulia. Bibi alikuwa anaangalia dari. Hakujua Kiingereza cha kitu hicho, akanyoosha kidole tu, na mimi nikauliza. Yapo.

Shangazi ameshaiona fleti kwa simu ya video. Alizungushwa jikoni, chooni, mpaka kabatini. Akataka aone mlango ukifungwa kutoka ndani, bibi akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga, kama alivyokuwa akifunga hela za sokoni. Nimemwambia kuna kamba za kuvaa shingoni, hataki.

Jumanne nampeleka ofisini kwa ukaguzi wa kila mwaka, wa kuthibitisha kipato. Wanataka barua ya SSI, taarifa ya benki na kitambulisho. Bibi ameshaziweka kwenye bahasha moja, chini ya godoro, na ameniambia nifike saa tatu ingawa miadi ni saa tano.