Chembe za nanomita zapunguza platinamu kwenye seli za fueli

SELI ya fueli ni chombo kinachozalisha umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni bila kuwasha moto. Masalio yake ni maji na joto pekee. Kanuni yake ilionyeshwa na William Grove wa Uingereza mnamo 1839, na mwaka wa 1965 Marekani ilitumia seli hizo katika chombo cha angani cha Gemini 5.

Kizingiti kikubwa kimekuwa bei ya platinamu, madini adimu ambayo ndiyo kichocheo cha kazi hiyo. Kwenye elektrodi hasi, platinamu huipasua haidrojeni ikawa protoni na elektroni. Protoni hupenya utando ulio katikati, nazo elektroni hulazimika kupitia waya, na mwendo huo ndio umeme wenyewe. Hatimaye zote hukutana na oksijeni kwenye elektrodi chanya na kuwa maji. Upande huu wa pili ndio mgumu zaidi, na ndio unaohitaji platinamu nyingi.

Kichocheo hufanya kazi usoni tu. Kilichofichika ndani hakina faida. Mchemraba wa sentimita 1 una uso wa sentimita za mraba 6. Ukikatwakatwa kuwa vipande vya nanomita 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, nyuso zote hujumlika kuwa mita za mraba 6,000, karibu uwanja mzima wa kandanda.

Kwa kufuata hesabu hiyo, watafiti wa Maabara ya Kitaifa ya Los Alamos, Marekani, katika miaka ya 1980 na 1990 walitandaza chembe za platinamu juu ya unga wa kaboni. Kiasi kilichohitajika kilishuka kutoka miligramu 4 kwa kila sentimita ya mraba hadi chini ya 0.4.

Vioo vinavyobadili rangi kwa umeme hunufaika vivyo hivyo. Utando wa oksidi ya tungsteni hugeuka buluu elektroni na ioni za lithi zinapouingia, na hung'aa tena zinapotoka. Ukiwa na vitundu vya nanomita, safari ya ioni hufupika na kioo hubadilika upesi, kikazuia joto la jua kuingia jengoni.

Hata hivyo, udogo nao una hasara zake. Chembe za platinamu huyeyuka polepole na kuungana zikawa kubwa, uso ukapungua na seli ikadhoofika.

Suala hili linaigusa Afrika pia. Afrika Kusini hutoa zaidi ya thuluthi mbili ya platinamu inayochimbwa duniani. Kila seli ikihitaji platinamu kidogo, migodi yake itauza kidogo kwa kila gari; lakini seli zisiposhuka bei, magari hayo yatabaki machache.