Yule Ndege wa Kwenye Mkebe wa Kiwi

Kama umesoma shule Kenya, huyu ndege unamjua. Jumapili jioni, viatu vyeusi, brashi, na mkebe wa Kiwi wenye picha ya ndege asiye na mkia. Hiyo rangi ya viatu ilianza kuuzwa Australia mwaka 1906. Mwenye kuitengeneza, William Ramsay, alichagua hilo jina kwa heshima ya mke wake aliyetoka New Zealand, nyumbani kwa kiwi.

Sasa, kitu wengi hatukuambiwa: kiwi si ndege wa aina moja. Wako aina tano, na leo nataka tuongee juu ya wawili tu, kwa sababu historia yao ni noma.

Wa kwanza Wamaori humwita roroa. Ni jitu la ukoo, jike hufika kilo 3 na zaidi. Wa pili ni pukupuku, mdogo kuliko kiwi wote, kilo moja na kidogo hivi. Ukiwaona utajua ni damu moja: wote wana manyoya ya kijivu yenye madoadoa, hawawezi kuruka, na hutoka usiku kutafuta minyoo kwa kunusa.

Shida ilianza miaka ya 1880. Walowezi kutoka Uingereza walikuwa wameleta sungura, sungura wakazaana wakamaliza nyasi za kondoo. Wafugaji wakataka dawa ya haraka: waletwe vicheche kutoka Ulaya wawale hao sungura. Wataalamu wa ndege walionya mapema kwamba wataisha ndege. Hawakusikizwa. Vicheche wakaachiliwa, sungura wakabaki, na vifaranga wa kiwi wakawa chakula.

Hapo ndipo hawa ndugu wawili walipoachana njia. Roroa mzima ana miguu ya kumpiga teke kicheche akaenda zake, na pia anaishi juu milimani kwenye baridi na mvua kali. Akabaki. Pukupuku hakuwa na huo mwili. Akaendelea kupungua mpaka akaonekana ameisha kabisa kwenye visiwa viwili vikubwa vya nchi hiyo.

Kilichomwokoa ni kisiwa kidogo. Karibu mwaka 1912, pukupuku wasiozidi 5 walipelekwa Kapiti, mahali ambapo vicheche hawakuwa wamefika. Watano tu, wasee! Leo wajukuu wao ni zaidi ya elfu moja. Mwaka 2000 wengine walirudishwa Wellington, ndani ya hifadhi yenye ua wa kuzuia wanyama hao.

Kwa hivyo mdogo ndiye aliyekuwa hatarini na mkubwa akawa salama, si ndio? Hapana. Leo ni kinyume. Pukupuku wanaongezeka kwa sababu mtu aliwaona wanaisha akafanya kitu. Roroa, kwa maelfu yao, wanapungua pale ambapo hakuna anayewalinda. Kiwi huishi miaka mingi sana, kwa hivyo unaweza kupanda mlima usiku, ukasikia roroa wakiitana, ukadhani kila kitu kiko sawa. Kumbe hao unaowasikia ni wazee. Jike hutaga yai moja kwa mwaka, na kifaranga akitoka hapewi chakula na wazazi, anajitafutia. Kabla afikishe kilo moja, kicheche ameshampata.

Sisemi pukupuku ameshinda. Ukoo wote ukitoka kwa ndege watano, damu inafanana sana, na ugonjwa mmoja unaweza kuwamaliza. Ndiyo maana mwaka 2025 watu walifurahi sana iliposemwa kwamba pukupuku wamepatikana tena kwenye milima ya Kisiwa cha Kusini, baada ya karibu miaka 50 ya kudhani hawapo huko.

Lakini somo langu liko kwa yule mkubwa. Tunapenda kukimbilia kitu kikiwa kimebaki kidogo, na kile kinachoonekana na nguvu tunakiacha kijipange. Siku nyingine mtu akikwambia mnyama fulani hana shida, eti bado wako wengi, usimuulize idadi. Muulize watoto wao wako wapi.