Watunzi wa programu huria na zana za kampuni: Kisa cha BitKeeper

WATUNZI wa programu huria huuweka hadharani msimbo, yaani maelekezo yanayoiongoza kompyuta, ili mtu yeyote ausome, aurekebishe na kuwagawia wengine. Hata hivyo, wengi wao hufanya kazi hiyo kwa kutumia kompyuta na programu za kampuni zinazouficha msimbo wao. Hatari ya uamuzi huo ilidhihirika kati ya mwaka 2002 na 2005, katika kisa cha Linux na BitKeeper.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kwa muda wa miaka kumi hivi, mabadiliko yaliyopendekezwa na watunzi wa nchi mbalimbali yalimfikia kwa barua pepe, naye akayapitia na kuyaunganisha. Kadiri washiriki walivyoongezeka, ndivyo mzigo ulivyomwelemea.

Mwaka 2002 Torvalds alianza kutumia BitKeeper, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, iliyokuwa mali ya kampuni ya BitMover ya Larry McVoy nchini Marekani. Watunzi wa programu huria waliruhusiwa kuitumia bila malipo, lakini kwa masharti. Mojawapo lilimkataza mtumiaji kushiriki katika kutengeneza programu shindani.

Maoni yaligawanyika. Torvalds alishikilia kuwa alichagua zana iliyoifaa kazi yake kuliko nyingine zote. Richard Stallman, mwasisi wa mradi wa GNU mwaka 1983, alipinga. Stallman mwenyewe aliwahi kutumia Unix, mfumo usio huru, alipokuwa akiijenga GNU. Alieleza kuwa matumizi hayo yalihalalika kwa sababu yalilenga kuzalisha mbadala ulio huru. Sharti la BitMover lilikataza jambo hilohilo.

Mgogoro ulipamba moto mwaka 2005, baada ya Andrew Tridgell wa Australia, mwasisi wa programu huria ya Samba, kuandika programu ndogo ya kuchukua data kutoka katika seva za BitKeeper. McVoy aliliona jambo hilo kuwa ukiukaji wa makubaliano. Tridgell alijibu kuwa hakuwahi kuyakubali masharti hayo, kwa kuwa hakuwahi kuitumia BitKeeper. Aprili mwaka huo, kampuni ilitangaza kuliondoa toleo lisilo la malipo.

Torvalds aliiweka Linux kando na kuanza kuandika programu mpya, Git. Katika siku chache, Git iliweza kutunza kumbukumbu za msimbo wake yenyewe, na Juni 2005 toleo la Linux 2.6.12 lilitoka likiwa limetunzwa humo. Julai, Torvalds alimkabidhi Junio Hamano usimamizi wa Git. BitKeeper nayo ilifanywa huria mwaka 2016, wakati Git ilikwishaenea duniani kote.

Suala hilo halikuishia hapo. Miradi mingi ya programu huria imehifadhiwa GitHub, huduma iliyoanza mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5 za Marekani. Msimbo wa huduma hiyo si huria. Mwaka 2022, taasisi ya Software Freedom Conservancy iliwahimiza watunzi kuihama.

Kwa kawaida, kila mtunzi anayetumia Git huwa na nakala kamili ya msimbo pamoja na historia yake, hivyo GitHub ikifungwa, kazi hiyo haipotei. Lakini taarifa za hitilafu na mijadala ya washiriki hubaki katika seva za kampuni, isipokuwa pale mradi unapojiwekea nakala.

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kwa mtunzi wa programu huria anayetumia zana ya kampuni, swali la kujiuliza mapema ni iwapo ataweza kuondoka na kazi yake yote siku mwenye zana atakapoitaka.