Kuchagua Pasipo Kukataa: Binti, Tabaka na Usumbufu wa Kingono katika Historia ya Usukuma, kwa Kurejelea Bukundi

1. Utangulizi

Bukundi ni kata ya wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu. Kabla ya mwaka 2012, ulipoundwa mkoa huo na makao yake makuu kuwekwa Bariadi, Meatu ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Wakazi wengi wa wilaya hiyo ni Wasukuma wanaolima pamba na nafaka na kufuga ng'ombe. Pamoja nao wanaishi Wataturu, ambao ni wafugaji, na Wahadzabe, ambao kwa asili ni wawindaji na wakusanyaji. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 37, na hakuna mkoa uliozidi Shinyanga.

Takwimu hiyo imezoeleka kuelezwa kwa neno moja, yaani mila. Maelezo hayo yana upungufu wa kihistoria, kwa kuwa yanaichukulia mila kama jambo lisilobadilika na yanaiweka dola nje ya tatizo. Insha hii inachunguza swali finyu zaidi: katika Usukuma, tangu wakati wa ukoloni hadi mwaka 2021, binti aliyefikwa na usumbufu wa kingono asioutaka alilindwa na nani anapokataa? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba haki ya binti ya kuchagua ilitambuliwa mapema, katika mila na katika sheria pia, lakini haki yake ya kukataa iliendelea kutegemea maslahi ya mtu mwingine: kwanza baba mwenye kutarajia mahari, kisha dola yenye kulinda shule. Binti asiyekuwa na thamani kwa mmojawapo wa walinzi hao, na mara nyingi huyo alikuwa binti wa kaya maskini, alibaki na ulinzi hafifu.

2. Ng'ombe, pamba na hadhi ya binti

Kitabu cha Hans Cory kuhusu sheria na mila za Wasukuma, kilichochapishwa mwaka 1953, kiliandikwa kwa ajili ya matumizi ya utawala na mahakama za wenyeji. Kwa sababu hiyo kinamwona binti zaidi kama sehemu ya mapatano kati ya koo mbili. Katika mfumo huo, mahari ya ng'ombe ndiyo iliyoamua watoto ni wa nani. Mwanamume aliyetoa mahari aliwapata watoto katika ukoo wake. Asiyetoa, watoto walibaki upande wa mama yao. Aidha, ng'ombe walioletwa kwa ajili ya dada waliweza kumwoza kaka yake. Ndoa ya binti, kwa hiyo, ilifungamana na ndoa ya mwingine.

Kilimo cha pamba kiliupa mfumo huu nguvu mpya. Katika miaka ya 1950, vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba viliungana na kuunda Shirikisho la Victoria mwaka 1955, na fedha za mauzo zikaingia vijijini kwa wingi usiokuwapo awali. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilinunua ng'ombe, na ng'ombe wakawa mahari. Mke wa pili au wa tatu aliongeza mikono shambani, na mikono hiyo iliongeza pamba. Mzunguko huu uliwatenganisha wenye mifugo na wasio nayo. Kaya tajiri iliweza kumngojea mchumba inayemtaka. Kaya iliyopoteza ng'ombe kwa ukame au maradhi ilikuwa na sababu ya kumwoza binti mapema. Tabaka halikuwa jambo la mjini pekee, lilihesabika zizini.

Ikumbukwe pia kwamba mahari ilimpa binti ulinzi wa aina fulani. Aliyemwingilia bila makubaliano alimkosea baba yake na alitakiwa kulipa. Lakini fidia ilikwenda kwa mzazi. Kosa lilipimwa kwa hasara ya ukoo, na utashi wa binti mwenyewe haukuwa kipimo.

3. Chagulaga: uchaguzi ndani ya duara

Baada ya mavuno, ngoma za Usukuma, zikiwamo zile za mashindano baina ya Bagika na Bagalu, zilikusanya vijana wa vijiji vingi. Minada na magulio vilifanya vivyo hivyo. Katika mazingira hayo ndipo ilipotumika desturi inayojulikana kwa jina la chagulaga. Vijana wa kiume humfuata binti au kundi la mabinti, humzunguka, na kumwambia chagulaga mayu, yaani chagua, mama. Binti hutakiwa kumtaja mmoja miongoni mwao, na wengine humwachia aliyetajwa.

Wanaoitetea desturi hii husema kwamba ilimpa binti neno la mwisho mbele ya mashahidi, tena kwa heshima, kwa kuwa mayu ni wito wa adabu. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Katika jamii ambamo baba aliweza kupokea ng'ombe bila kumuuliza binti yake, duara la vijana lilikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo binti aliulizwa. Hata hivyo, swali lenyewe lilikuwa na mipaka. Aliulizwa ni nani. Hakuulizwa kama anataka. Kutomtaja yeyote hakukuwa jibu linalotambuliwa na mchezo huo, na binti aliyenyamaza aliweza kufuatwa hadi achoke au ashikwe kwa nguvu. Ndiyo maana katika miongo ya karibuni desturi hii imetajwa na wanaharakati na maofisa wa ustawi wa jamii kuwa ni usumbufu wa kingono.

Umuhimu wa chagulaga kwa hoja ya insha hii ni kwamba inaonyesha kwa uwazi tofauti ya haki mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Kuchagua ni kuteua miongoni mwa walioletwa. Kukataa ni kuwaondoa wote. Ya kwanza inaweza kuwapo pasipo ya pili, na ndivyo ilivyokuwa.

4. Shule kama hadhi mpya

Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote uliotekelezwa kuanzia mwaka 1977 vilileta darasani mabinti wengi wa vijijini waliokuwa hawajafikiwa. Kwa mara ya kwanza binti wa kumi na miwili au kumi na minne alikuwa na jina jingine mbali na binti wa fulani: alikuwa mwanafunzi. Jina hilo lilikuwa na nguvu. Mwanamume aliyemtaka mwanafunzi alijua kwamba anaweza kufikishwa kwa mwalimu mkuu, kwa ofisa mtendaji na hatimaye mahakamani.

Watafiti walioishi katika vijiji vya mkoa wa Mwanza kwa ajili ya mradi wa afya wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, waliieleza hali hiyo katika makala ya mwaka 2006. Walibainisha kwamba kanuni ya kujizuia iliambatana sana na kuwa mwanafunzi, huku kanuni nyingine, iliyo kinyume nayo, ikiuchukulia mwili wa msichana kama rasilimali inayostahili kulipiwa kwa zawadi au fedha. Kanuni hizo mbili ziliishi katika kijiji kimoja. Binti aliyemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kuendelea aliweza kuvuka kutoka ya kwanza kwenda ya pili katika msimu mmoja, ilhali umri wake ulikuwa uleule.

Kupanuka kwa sekondari za kata kuanzia mwaka 2004 kuliongeza muda wa ulinzi huo, lakini kulileta hatari nyingine. Katika kata zenye vijiji vilivyotawanyika, mwanafunzi alitembea umbali mrefu au alipanga chumba karibu na shule akijipikia mwenyewe. Mzazi mwenye uwezo alilipia hosteli au baiskeli. Mzazi asiye na uwezo alimwacha binti yake mikononi mwa mwenye chumba, mwenye duka na mwenye pikipiki, ambao kila mmoja aliweza kugeuza msaada kuwa deni.

5. Jukwaa kama mahali pa kukataa

Kati ya mila iliyomwuliza binti achague na shule iliyomlinda kwa masharti, palitokea nafasi ya tatu ambayo haijapewa uzito wa kutosha katika historia ya Usukuma, nayo ni sanaa za maonyesho. Mwaka 1982 na 1983, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba. Njia yao ilikuwa kuwaacha wanakijiji wataje matatizo yao, wayachambue, kisha wayaigize kwa kutumia ngoma na sanaa za wenyeji. Miongoni mwa yaliyojitokeza ni mimba za mabinti na hali ya kina mama vijana walioachwa bila msaada. Jambo lililokuwa likisemwa kwa kunong'ona, kama aibu ya kaya moja, lilisimamishwa uwanjani kama suala la kijiji kizima na la uchumi wake.

Mwaka 1996, kutokana na uzoefu wa aina hiyo, wataalamu wa chuo hicho walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana wenyewe waliyataja yaliyowazuia kusoma, ukiwamo usumbufu wa kingono, wakatunga maigizo na kuyaonyesha mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wenzao. Mradi huo baadaye ulienezwa na FAWE, jumuiya ya wanawake wanaelimu wa Afrika, katika nchi nyingine za bara hili.

Thamani ya kihistoria ya maigizo hayo imo katika nafsi ya msemaji. Katika kumbukumbu za Cory anayezungumza ni mzee. Mahakamani anayelalamika mara nyingi ni baba au mwalimu. Jukwaani binti alitamka neno la kukataa kwa kinywa chake, na hadhira ikalazimika kulisikia hadi mwisho. Jukwaa, hata hivyo, halina nguvu ya kuadhibu, na Tuseme ilibaki ndani ya uzio wa shule. Binti aliyekuwa nje ya uzio huo hakufikiwa.

6. Sheria na mipaka yake

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka katika kifungu cha 16 kwamba ndoa hufungwa kwa ridhaa ya hiari ya pande zote mbili. Lakini kifungu cha 13 kiliweka umri wa chini kuwa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na kifungu cha 17 kikamtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya baba yake, au mama iwapo baba amefariki. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilipiga hatua kwa kuufanya usumbufu wa kingono kuwa jinai na kwa kuhesabu kuwa ubakaji tendo lolote la mwanamume kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18, hata kama ameridhia. Hapo hapo iliacha mwanya: kanuni hiyo haikumhusu mke wa miaka 15 au zaidi ambaye hajatengana na mumewe. Mahari, kwa maneno mengine, iliweza kugeuza jinai kuwa unyumba.

Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yalipiga marufuku kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari na kuweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba. Ulinzi huo ulikuwa mkali, lakini ulimtambua mwanafunzi. Tena ulikwenda sambamba na utaratibu wa kumwondoa shuleni msichana mwenye mimba, uliotegemea kanuni za mwaka 2002 na kutiliwa mkazo na Rais John Magufuli mwezi Juni 2017. Binti aliyepata mimba alipoteza siku hiyohiyo hadhi iliyomlinda. Utaratibu huo uliondolewa Novemba 2021, waziri wa elimu Joyce Ndalichako alipotangaza kwamba wanafunzi hao wataruhusiwa kurejea.

Hatua iliyojitenga na mantiki hiyo ilitoka mahakamani. Tarehe 8 Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Uamuzi huo ulimtazama binti kama raia, awe anasoma au hasomi, awe wa kaya yenye ng'ombe au isiyo nao. Hata hivyo, mwaka 2020 ulimalizika Bunge likiwa halijavirekebisha vifungu hivyo.

7. Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa haiungi mkono dhana kwamba mila ilimkandamiza binti na dola ikamkomboa. Mila ilimpa nafasi ya kuchagua ndani ya duara; dola ilimpa nafasi ya kukataa ndani ya darasa. Vyote viwili viliweka ulinzi mahali palipokuwa na thamani ya mtu mwingine: ng'ombe wa baba au mwanafunzi wa Serikali. Kwa kuwa kubaki shuleni kunategemea uwezo wa kaya, ulinzi wa shule uligawanywa kwa tabaka hata pale sheria ilipotamka maneno yaleyale kwa wote.

Kwa kata kama Bukundi, matokeo ya hoja hii ni ya moja kwa moja. Kuhesabu mabinti walio shuleni ni kuhesabu waliolindwa tayari. Binti wa miaka 16 aliyekosa nafasi ya kuendelea na masomo, anayechota maji, kuuza mnadani na kurudi jioni peke yake, ndiye kipimo sahihi cha sheria ya nchi. Pale neno lake la kukataa litakapokuwa na uzito bila kuulizwa ni binti wa nani wala yuko kidato gani, ndipo itakaposemwa kwamba haki ya kuchagua imekamilika.