Ununuzi wa pointi za safari

Ununuzi wa pointi za safari ni kulipa fedha ili kupata pointi, au maili, ambazo kwa asili hutolewa kuwa zawadi kwa mtu anayefanya manunuzi kwa kadi ya mkopo, anayeruka mara kwa mara na shirika moja la ndege au anayelala katika hoteli za kampuni moja. Pointi zikitimia, mwenye nazo huzibadili kwa tiketi, chumba cha hoteli au kiti cha daraja la juu. Zikipungua, mashirika mengi humruhusu kununua zilizobaki, na baadhi humuuzia hata mtu ambaye akaunti yake ni tupu.

Makala haya yanaeleza namna ya kuamua kama ununuzi huo una faida, kwa mfano wa msafiri anayeanzia Msasani, kata ya mji wa Tukuyu katika wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Msasani hii isichanganywe na Msasani ya Dar es Salaam, rasi yenye makazi ya mabalozi na hoteli za ufukweni, ambako kadi ya mkopo si jambo geni.

Asili

Mpango uliozaa mingine mingi ni AAdvantage, ulioanzishwa na American Airlines ya Marekani Mei 1981. United ilifuata mwezi huohuo na MileagePlus. Kusudi lilikuwa kumzuia abiria asihamie kwa mshindani. Mwaka 1987 American na benki ya Citibank zilitoa kadi ya mkopo iliyompa mteja maili kwa kila dola aliyolipa dukani, hata kama hakupanda ndege. Kuanzia hapo maili zikawa bidhaa: shirika linaziuzia benki, benki inawagawia wateja wake, na mteja anarudi nazo kwa shirika kudai kiti.

Ukubwa wa biashara hiyo ulionekana wakati wa UVIKO-19. Ndege zikiwa zimeegeshwa, United ilitumia MileagePlus kama dhamana ya mkopo wa dola bilioni 6.8 mwaka 2020, na Machi 2021 American ilipata dola bilioni 10 kwa dhamana ya AAdvantage. Wakopeshaji walijua kwamba abiria wanaweza kuadimika lakini wanunuzi wa maili, hasa benki, wataendelea kulipa.

Afrika Mashariki

Wasomaji wengi wa Kiswahili walikutana na pointi kwenye simu kabla ya kukutana nazo kwenye ndege. Nchini Kenya, Safaricom ilianzisha Bonga Points mwaka 2007, na mteja akawa anajikusanyia pointi kwa kadiri anavyotumia muda wa maongezi. Katika usafiri wa anga, Kenya Airways ilikuwa kwa miaka mingi ndani ya Flying Blue, mpango wa Air France na KLM ulioanza mwaka 2005, kabla ya kuanzisha wake unaoitwa Asante Rewards. Abiria wa Dar es Salaam hukutana pia na ShebaMiles ya Ethiopian Airlines, Skywards ya Emirates, Miles&Smiles ya Turkish Airlines na Privilege Club ya Qatar Airways, ambayo tangu mwaka 2022 hutumia pointi za Avios.

Kadi nyingi zilizomo mifukoni mwa Watanzania, zikiwemo TemboCard za CRDB na kadi za NMB, hukata fedha ambazo mteja amekwishaziweka benki. Kadi ya mkopo, ambayo benki hulipa kwanza na mteja hurejesha baadaye, ina watu wachache. Hata motisha ya kutumia kadi mara nyingi imekuwa ya droo na zawadi, kama kampeni ya MastaBata ya NMB, kuliko maili za kulimbikiza. Kwa hiyo mkazi wa Tukuyu mwenye pointi za kutosha tiketi huwa amezipata kwa moja ya njia mbili: ameruka sana mwenyewe, au ana ndugu ughaibuni.

Njia ya pili ndiyo yenye uzito zaidi Rungwe. Mtoto anayefanya kazi Marekani anaweza kuwa na kadi ya American Express, akahamisha pointi zake kwenda Flying Blue au Skywards, kisha akakata tiketi kwa jina la mama yake aliyeko Msasani. Mipango mingi huruhusu tiketi ya pointi kukatwa kwa jina la mtu mwingine. Uamuzi wa kununua pointi basi huweza kufanywa Houston au London, huku anayesubiri kupanda ndege akichuma chai Katumba. Wengine wanaohusika ni wafanyabiashara wanaofuata mizigo Dubai na Guangzhou, na wajumbe wa Kanisa la Moraviani, lililofungua misheni ya Rungwe mwaka 1891 na ambalo bado lina washirika Ulaya.

Bei na thamani

Pointi moja ina bei mbili. Bei ya kuinunua hutangazwa wazi. Bei ya kuitumia hufichwa ndani ya tiketi, na msafiri lazima aitoe mwenyewe kwa hesabu.

Bei ya kununua hutofautiana sana. Kwa miaka mingi hoteli za Hilton zimeuza pointi 1,000 kwa dola 10, na Marriott kwa dola 12.50. American Express imekuwa ikiuza pointi 1,000 kwa dola 25. Maili za ndege mara nyingi huuzwa kati ya senti 2 na senti 3.5 za Marekani kila moja, na mara kwa mara hutolewa nyongeza ya asilimia 30, 50 au hata 100, yaani ukinunua moja unapewa nyingine. Mtu aliyewahi kuzipata kwa bei ya kutupa ni mhandisi David Phillips wa California: mwaka 1999 aligundua kwamba vikopo vya pudini vilibeba kuponi za maili, akanunua vikopo zaidi ya 12,000 kwa dola 3,140 na kuvuna maili zipatazo milioni 1.25. Kila maili ilimgharimu robo senti. Bei ya namna hiyo haiko kwenye ukurasa wa mauzo wa shirika lolote.

Thamani ya kutumia hupatikana hivi: chukua nauli ya fedha taslimu ya safari ileile, toa kodi na tozo ambazo tiketi ya pointi bado inadai, kisha gawanya kwa idadi ya pointi zinazotakiwa.

Tuseme nauli ya Dar es Salaam kwenda Ulaya na kurudi ni dola 1,050. Kwa pointi, kiti hichohicho kinadai pointi 50,000 pamoja na tozo za dola 180. Thamani ya kila pointi ni dola 870 kugawanya kwa 50,000, yaani senti 1.74. Shirika linauza pointi kwa senti 3.

Mwenye akaunti tupu akinunua zote 50,000 atalipa dola 1,500, aongeze 180, jumla dola 1,680. Amepoteza dola 630 kwa kutaka tiketi ya zawadi. Mwenye pointi 42,000 tayari anahitaji 8,000 tu, ambazo ni dola 240. Akiongeza tozo anatoa mfukoni dola 420. Hata zile 42,000 zikihesabiwa kuwa na thamani ya senti moja kila moja, yaani dola 420 nyingine, gharama yote ni dola 840, bado chini ya 1,050. Bei ni ileile na kiti ni kilekile; kilichowatofautisha wawili hawa ni ukubwa wa pengo.

Nyongeza ya asilimia 100 hubadili picha, lakini kidogo. Bei inashuka hadi senti 1.5, na yule wa akaunti tupu analipa dola 750 na tozo 180, jumla 930. Faida inaonekana kuwa dola 120. Benki yake ikichukua asilimia 3 kwa kubadili shilingi kuwa dola kwenye malipo ya pointi, zinaondoka dola 22.50. Tiketi ya fedha taslimu ingemwingizia pointi mpya, na tiketi ya pointi kwa kawaida haiingizi kitu. Tukizikadiria pointi hizo kuwa na thamani ya dola 50, kinachobaki hakifiki dola 48.

Gharama za njiani

Hesabu ya hapo juu inaanzia Dar es Salaam, ilhali msafiri anaanzia Msasani. Uwanja wa Ndege wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, uko magharibi ya jiji la Mbeya, hivyo mtu wa Tukuyu hupita Kiwira na Uyole, akalivuka jiji ndipo aufikie. Kutoka hapo Air Tanzania humfikisha Dar es Salaam. Njia nyingine ni basi, mwendo wa zaidi ya kilomita 800.

Safari hiyo ya ndani mara nyingi hukatiwa tiketi ya pekee. Ukungu wa nyanda za juu umewahi kuzuia ndege kutua Songwe, na abiria mwenye tiketi mbili zisizounganishwa akichelewa Dar es Salaam, shirika la pili halina wajibu wa kumsubiri wala kumpangia ndege nyingine. Mwenye kutaka usalama hushuka siku moja kabla. Malazi ya usiku huo, nauli ya daladala na teksi huingia kwenye hesabu hata kama tiketi imeitwa ya bure. Iwapo kiti cha pointi kinapatikana siku isiyofaa tu, na kinamlazimu msafiri kukaa mjini siku tatu zaidi, faida yote inaweza kuliwa na nyumba ya wageni.

Hatari

Pointi hufananishwa na kibubu, lakini ufunguo wa kibubu hiki uko kwa mwenye duka. Yeye hupanga kila pointi itanunua nini, na anaweza kubadili bei baada ya mteja kulipa. Delta iliondoa majedwali ya bei za pointi mwaka 2015, na Flying Blue iliachana na bei zisizobadilika mwaka 2018. Tangu hapo idadi ya pointi zinazotakiwa hupanda na kushuka pamoja na soko.

Pointi pia hufa. Maili za Skywards hudumu miaka mitatu. Mwishoni mwa mwaka 2022 Safaricom ilitangaza kuwa pointi za Bonga zilizozidi miaka mitatu zingefutwa, kisha ikasitisha mpango huo. Kwa muda huo mfupi wateja walikumbushwa kwamba walichokiita akiba kilikuwa na mwisho. Shirika lenyewe likifungwa, madai ya wenye pointi huwa dhaifu. Alitalia ilipoacha kuruka Oktoba 2021, shirika lililoirithi, ITA, lilianzisha mpango wake na halikuchukua ule wa MilleMiglia.

Pointi zilizonunuliwa kwa kawaida hazirudishiwi fedha, na zilizohamishwa kutoka kadi kwenda shirika la ndege hazirudi kwenye kadi. Kununua kwa madalali mitandaoni ni kosa kwa masharti ya mipango mingi: shirika likibaini, hufuta tiketi na kufunga akaunti. Mwisho, pointi zikinunuliwa kwa kadi ya mkopo na deni lisilipwe lote kwa wakati, riba huanza kula faida. Muislamu anayeepuka riba huwa na sababu ya ziada ya kutoiendea njia hiyo.

Kanuni ya uamuzi

Ununuzi wa kujazia hutofautiana na ununuzi wa kulimbikiza. Kujazia ni kununua pointi chache zilizopungua kwa ajili ya kiti kilichokwishaonekana, cha tarehe inayojulikana, chenye nauli iliyokwishalinganishwa. Kulimbikiza ni kununua kwa sababu kuna nyongeza, kwa matumaini ya safari itakayokuja. Wa kwanza mara nyingi hulipa, hasa kwa daraja la juu ambalo nauli yake ya fedha ni kubwa. Wa pili humkopesha mwenye shirika bila riba na bila tarehe ya kulipwa.

Utaratibu salama ni kutafuta kiti kwanza na kununua mwisho, siku hiyohiyo, baada ya kuhakikisha kwamba pointi huingia kwenye akaunti papo hapo. Kiti kisipoonekana, mtoto aliyeko Houston hufanya vyema kumtumia mama yake nauli. Fedha hiyo akiipokea Msasani ataweza kuitumia kwa shirika lolote, kwa basi, au kwa ada ya shule safari ikivunjika. Pointi haziwezi kufanya hivyo.